Cessna 172 ya 1974 ikianza kulalamika: dalili, vyanzo na pa kuanzia

"Shikamoo fundi. Ndege inatetemeka kila nikiwasha. Nimebadilisha plagi zote nane na bado."

"Marahaba. Ilikaa muda gani bila kuruka?"

"Miezi minne tu, mzee."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonifanya niandike haya. Wamiliki wengi wa ndege ndogo za zamani wanaamini kwamba ndege huchakaa kwa kuruka, hivyo ukiiegesha unaitunza. Kwa injini ya pistoni ni kinyume chake. Ndege inayoruka saa tano kila wiki huniletea kazi ndogo kuliko ile inayolala chini ya turubai tangu Pasaka hadi Septemba. Kwa hiyo kabla hujafungua boneti, jibu maswali mawili: tatizo lilianza baada ya nini, na linatokea wakati gani hasa? Ukishapata majibu, anza na vipimo visivyogharimu kitu.

Mfano wangu ni Cessna 172M ya 1974 yenye injini ya Lycoming O-320-E2D, nguvu farasi 150, kabureta, magneto mbili (vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche) na umeme wa volti 14. Aina ya 172 ilianza kuuzwa mwaka 1956, kiwanda kikasimamisha uzalishaji 1986 na kuurudisha miaka kama kumi baadaye, ndiyo maana nyingi tunazozishika Wilson ya Nairobi, Arusha au Zanzibar zina umri wa kuwa na wajukuu. Kama yako ni ya mwaka mwingine, vipimo vya kitabu chake ndivyo vya kufuata, si vyangu. Pia, mengi ya hapa chini ni ya kutambua tatizo. Kufungua, kurekebisha na kusaini ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Inatetemeka unapojaribu magneto

Umefika mwisho wa njia, umepandisha injini hadi mizunguko 1,700 kwa dakika, umezungusha ufunguo kwenye magneto moja. Kushuka kidogo ni kawaida. Kikomo kinachojulikana kwa 172 za miaka hiyo ni mizunguko 125, na tofauti kati ya magneto mbili isizidi 50. Lakini sikiliza sauti kabla ya kusoma namba.

Ikishuka sana lakini injini bado inazunguka laini, na magneto zote mbili zinafanya hivyohivyo, usikimbilie plagi. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, Arusha futi 4,500 hivi. Ukiwa umeusukuma mkono mwekundu wa mchanganyiko wa petroli na hewa hadi mwisho kama ulivyofundishwa pwani, injini inakunywa petroli kupita hewa iliyopo. Vuta mkono huo pole pole mpaka mizunguko ipande, kisha rudia jaribio. Nimeona ndege ikirudishwa karakana mara tatu kwa "magneto mbovu", na dawa ilikuwa kuvuta mkono sentimita mbili. Kama bado inashuka sana baada ya hapo, mwambie fundi akague taimingi, yaani wakati cheche inapotoka. Injini hii huwaka nyuzi 25 kabla ya pistoni kufika juu, na namba hiyo imegongwa kwenye kibati cha injini.

Ikishuka na kutetemeka kwenye magneto moja tu, hapo kuna silinda isiyowaka. Mara nyingi ni plagi ya chini yenye risasi. Injini hii ilibuniwa kwa petroli ya zamani ya 80/87 iliyokuwa na risasi kidogo. Leo tunaitilia 100LL ambayo, licha ya hizo L mbili za kudai kwamba risasi ni kidogo, ina risasi nyingi zaidi ya ile. Risasi hiyo huganda chini ya plagi kama vishanga vidogo vya kijivu na kuziba nafasi ya cheche. Pandisha hadi mizunguko 2,000, punguza petroli kwenye mchanganyiko mpaka mizunguko ifike kileleni, iache dakika moja, ujaribu tena. Mara nyingi hupona. Isipopona, iendeshe kidogo kwenye ile magneto mbovu, zima, toa ufunguo, kisha dondoshea tone la maji kila bomba la ekzosi karibu na silinda. Matone matatu yatachachatika na kupotea, moja litatiririka tu. Huyo ndiye mgonjwa wako. Kwenye Lycoming hii silinda namba 1 ni ya mbele kulia ukiwa umekaa kitini, 2 mbele kushoto, 3 nyuma kulia, 4 nyuma kushoto.

Ukishaitoa plagi, usiishie kuisafisha. Pima ukinzani wake kwa mita. Plagi inayosoma zaidi ya omu 5,000 itupe hata kama inang'aa kama kijiko kipya. Na plagi iliyoanguka sakafuni ni ya kutupa vilevile, maana kauri ya ndani hupasuka bila kuonyesha ufa. Plagi za juu na chini zibadilishane nafasi wakati wa kurudishia.

Halafu kuna dalili ambayo watu huifurahia: magneto haishuki kabisa. Usifurahi. Waya mwembamba unaokwenda kwenye swichi ya ufunguo ndio unaoizima magneto, na ukikatika, magneto hiyo haizimiki tena. Ufunguo unasema imezimwa na injini bado ina cheche. Mtu akisogeza propela kwa mkono ili aifute vumbi, injini inaweza kumgeukia. Kabla ya kuzima ndege mwisho wa siku, injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini kabisa, peleka ufunguo kwenye kuzima kwa nusu sekunde na uurudishe. Injini ikiendelea kama haijasikia, funga ndege, weka kibao kwenye propela, mwite fundi leo.

Na kama stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki, au inashika kwa kurudi nyuma kwa kishindo, shuku kile kifaa cha springi ndani ya magneto ya kushoto kinachochelewesha cheche wakati wa kuwasha. Kikiwa hai, fundi akizungusha propela polepole husikia "tak" iliyo wazi. Kikinyamaza kimekwama au kimekwisha. Magneto za Slick zinapaswa kufunguliwa na kukaguliwa kila saa 500, na katika ndege za kukaa kaa, saa hizo huchukua miaka kumi kufika, wakati huo plastiki na oili ya ndani havijui habari za saa.

Inakohoa asubuhi tu, kisha inapona

Huyu ndiye alikuwa mgonjwa wa yule kijana wa mwanzo, mwenye ndege ya Arusha. Ukiwasha ikiwa baridi, injini inatikisa ndege nzima kwa dakika moja, halafu ghafla inakuwa laini kama hakuna kilichotokea. Rubani anasema imepata joto. Fundi anasema valvu ya ekzosi imekwama.

Masizi na risasi hujaa kwenye shina la valvu, ndani ya bomba la shaba linaloliongoza. Mafundi tunaliita gaidi ya valvu, na kuna siku linastahili jina hilo. Injini ikiwa baridi nafasi inakuwa finyu, valvu inabaki wazi, silinda moja haifanyi kazi. Joto likipanda nafasi inaongezeka na valvu inaachia. Lycoming waliliandikia waraka namba 388 wa jinsi ya kupima uchezaji wa shina, kwa hiyo si ugonjwa wa kubahatisha. Ukiupuuza, siku moja valvu itakwama wakati pushirodi (fito inayoifungua) inasukuma, pushirodi itapinda, na huenda itakuwa wakati wa kupaa.

Dawa yake haihitaji kung'oa silinda. Tulitoa plagi zote, tukaingiza kamba safi ya nailoni kupitia tundu la plagi ya silinda namba 3 hadi ikabaki mkia tu nje, kisha tukazungusha propela taratibu. Pistoni ikapanda, ikaibana kamba juu, kamba ikazishikilia valvu zisianguke. Hapo unaweza kubana springi na kutoa vipande viwili vinavyoishikilia. Kamba ikatoka, pistoni ikashushwa, valvu ikasukumwa ndani ya silinda. Gaidi ikachimbwa kwa kichimbio cha kipimo chake hadi masizi yakamwagika kama unga wa kahawa. Kazi ya kweli ni kuirudisha valvu: unaivua kwa kibano chembamba huku mwenzako akimulika kupitia tundu la pili la plagi. Tulivua kwa saa nzima. Yule kijana alikuwa ameshalipia plagi nane ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Nguvu zinapungua angani

Ukiwa umetulia angani na mizunguko inapungua yenyewe pole pole, vuta joto la kabureta hadi mwisho, sasa hivi, kisha ndipo ufikiri. Barafu kwenye kabureta si ya Ulaya peke yake. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya koo la kabureta inaondoa joto kiasi kwamba hewa yenye unyevu ya Tanga au Lamu, hata ikiwa nyuzi 25, inaweza kuganda, hasa ukishuka huku umepunguza nguvu. Ukivuta, injini itakohoa zaidi kwanza kwa sababu inameza maji yaliyoyeyuka. Wengi huogopa hapo na kurudisha mkono. Usirudishe. Wenye 172 za kabla ya 1968 zenye Continental O-300 wawe macho zaidi, maana kabureta yao haipati joto la sampu (beseni la oili) kama ya Lycoming.

Chini, wakati wa ukaguzi, ukivuta joto hilo mizunguko isiposhuka, kilango ndani ya sanduku la hewa hakisogei: kebo imeteleza au bawaba imelika. Kinyume chake pia hutokea. Kilango hakifungi vizuri, injini inavuta hewa ya moto siku zote, na ndege inakuwa nzito kupaa bila sababu yoyote inayoonekana.

Ikitetemeka kwenye silensa, yaani mizunguko ya chini, na kutulia ukiipa nguvu, tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Mulika mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda na mipira inayoyaunganisha. Petroli ya 100LL ina rangi ya buluu, hivyo palipovuja pana doa la buluu lililokauka.

Petroli: maji, wadudu na pipa la jirani

Vifuniko vya zamani vya tenki vilivyolala sawa na bawa vina oringi, yaani pete ya mpira. Oringi ikikauka, kila mvua ya masika inajaza kijiko kingine cha maji. Chukua sampuli kwenye mabawa yote mawili na kwenye chujio chini ya injini, kabla ya kuitikisa ndege, kisha tikisa mabawa, subiri, chukua tena. Wenye Cessna 182 za kabla ya 1979 wana mifuko ya mpira ndani ya mabawa. Mikunjo yake huficha maji ambayo hayatoki mpaka ndege iinue pua.

Mtego mbaya kuliko yote ni kikombe kilichojaa maji matupu. Hakuna mstari wa kutenganisha, kila kitu ni safi, unaridhika. Angalia rangi ya buluu, nusa, dondosha moja kidoleni. Na kama umejaza kutoka pipani huko porini, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Avgas, yaani petroli ya ndege, hukauka isiache kitu. Ikibaki alama ya mafuta kama ya chapati, mna mafuta ya ndege za jeti humo, na hiyo ndege hairuki.

Injini ikififia baada ya dakika arobaini na chini ikawaka vizuri, tazama kibomba cha kupumulia tenki nyuma ya nguzo ya bawa la kushoto. Nyigu wa udongo wanakipenda. Wanaipenda pia pitot, kile kibomba cha kupima mwendo, ndiyo maana kipimo cha mwendo kikilala sifuri wakati unakimbia kupaa, unakatisha kupaa pale pale. Kifuniko chenye utepe mwekundu kinashonwa na fundi cherehani yeyote.

Oili

Tumbo la ndege limepakaa oili? Labda unajaza kupita kiasi. Injini hii inabeba kwati 8 (kwati moja ni karibu lita), lakini nyingi hutapika zile mbili za juu kupitia bomba la kupumulia na kutulia kwenye 6. Safisha tumbo kwa petroli nyeupe, ruka nusu saa, ndipo utafute: gasketi za vifuniko vya roka, sili za mabomba ya pushirodi, sili ya mbele nyuma ya propela. Oili kwenye kioo cha mbele ni hiyo ya mwisho, na haisubiri. Kwa matumizi, hesabu ya Lycoming kwa farasi 150 inaruhusu karibu nusu kwati kwa saa. Hicho ni kikomo. Ndege iliyokuwa ikinywa kwati moja kwa saa kumi ikaanza kuinywa kwa saa nne inakuambia jambo, hata kama iko ndani ya kikomo.

Presha ikiwa chini ya kawaida huku joto likiwa sawa, fungua kwanza valvu ya kupunguza presha. Punje moja ya kaboni kwenye kiti chake inatosha.

Sasa nirudi kwenye kukaa. Kemshafti ya Lycoming, mhimili wenye kemu zinazofungua valvu, iko juu ya krenki, haioshwi na oili iliyo chini. Ndege ikikaa, oili inachuruzika yote, unyevu unaila kemu, na kutu hiyo ikianza kusaga tapeti hakuna oili ya kuirudisha. Utaona vumbi la chuma linalong'aa kwenye filta ukiikata, na baadaye ndege inakosa nguvu za kupaa ingawa presha ya silinda ni nzuri. Kuwasha dakika kumi kila Jumapili chini hakusaidii, kunaharibu. Oili haifiki nyuzi 80 za kukausha maji yake, unaongeza unyevu tu. Ruka nayo saa nzima, au mwambie fundi aihifadhi kwa oili ya kuhifadhia. Kama injini yako bado ina chujio cha waya badala ya filta, badilisha oili kila saa 25 au miezi minne.

Umeme

Mshale wa ampea ukitikisika kama mkia wa mbwa, watu hununua altaneta. Iwe kitu cha mwisho kununua. Mara nyingi ni ukinzani kwenye njia ya umeme unaoiamsha altaneta: ile swichi kuu iliyogawanyika mara mbili, ambayo nusu yake ya kushoto imebonyezwa tangu 1974, viunganishi vyake na kikata umeme chake. Taa zikififia na stata ikizungusha kwa uzembe, pima volti kati ya mwili wa injini na ncha hasi ya betri huku msaidizi anawasha. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, mkanda wa ardhi umeoza au boliti yake ina kutu. Kung'arisha kunatosha. Wenye Piper Cherokee za zamani watazame nyaya nene za alumini za betri, ambazo ni ugonjwa wao wa ukoo.

Gurudumu la mbele linatetemeka ukitua

Taili lisilo na hewa ya kutosha au lililolika upande mmoja ndilo la kwanza. Kisha bushi za ile mikono miwili inayounganisha nguzo na ekseli, na mwisho kifaa cha kuzuia mtetemo, ambacho huisha oili yake nyekundu kimyakimya. Fundi akishusha mkia kwa kubonyeza mwili wa ndege, si bawa la mkia, shika gurudumu ulitikise. Unavyosikia "kok kok" mkononi, ndivyo kilivyolegea. Hapo hapo tazama ukuta nyuma ya injini. Ukiwa na mikunjo, mtu aliwahi kutua kwa gurudumu la mbele na hakuandika popote.

Kichwa kinauma asubuhi za Julai

Hita ya 172 huchukua joto kwenye mafla. Mafla ikipasuka, moshi wa ekzosi unaingia kwenye chumba, na gesi yake ya sumu haina harufu. Kufunga hita ukaona nafuu ni kipimo tosha cha kutua. Karakana, fundi hutoa koti la nje, hupuliza hewa kwenye ekzosi na kupaka maji ya sabuni, na ufa hujionyesha kwa mapovu. Kigunduzi cha gesi hiyo kinachotumia betri kinagharimu kidogo kuliko tenki moja la avgas. Vile vibao vya kubadilika rangi huisha nguvu, watu wakaendelea kuviamini kwa miaka.

Kiti kinachoteleza na kutu isiyoonekana

Matundu ya reli ya kiti yakilika, pini haishiki, na kiti hurudi nyuma ndege inapoinua pua huku rubani ameshika usukani. Mamlaka ya anga ya Marekani iliitolea Cessna agizo la lazima mwaka 1987, na toleo la 2011 linataka reli zikaguliwe kila saa 100. Kaa, funga, kisha jisukume nyuma kwa miguu kwa nguvu zako zote. Kikisogea hata kidogo, ndege hairuki.

Kwa ndege zinazolala Mafia, Unguja au Malindi, rangi iliyovimba kama malengelenge karibu na riveti ni alumini inayogeuka unga mweupe chini yake. Riveti yenye mkia mweusi nyuma yake imelegea. Ng'oa zulia. Cessna walibandika sufi ya kuzuia kelele ukutani, na ikilowa hukaa imelowa. Zibua matundu ya kutolea maji mkiani. Mwisho, kebo za usukani: pitisha kitambaa cha pamba polepole juu ya kila kebo, hasa pale inapopita kwenye kapi, mtu mwingine akisogeza usukani ili sehemu iliyojificha itoke. Kitambaa kikikwama na kuacha uzi, waya mmoja umekatika. Usilegeze, usipake grisi. Agiza kebo.